Niligonga Meza Mara Tatu

Kama ningesukuma vifuniko viwili tu mbele yangu alasiri ile, rafiki yangu angekunja karata zake, angenicheka kidogo, na angerudi kwake akiwa mzima. Nililijua hilo kwa hakika. Kwa nini, basi, niligonga meza?

Nimelizungusha swali hili kwa majuma mawili na sijapata jibu. Nina umri wa miaka arobaini na tisa. Nilisomea falsafa chuo kikuu, na kabla ya kuja Uingereza nilifundisha watoto wa watu namna ya kupanga hoja. Hoja hii moja imenishinda.

Kosa ni langu. Nimeliweka hapa juu kabisa ili usihangaike kulitafuta huko mbele, na ili mimi nisipate mahali pa kulificha, maana kuficha ndiko kulikonifikisha hapa.

Ninaishi Birmingham, katika chumba kimoja Selly Oak, kwenye nyumba iliyojaa wanafunzi. Kazi yangu ni kutunza wazee katika jumba la zamani la matofali mekundu kule Moseley. Mikono yangu inajua kumgeuza kitandani mzee wa kilo tisini bila kumwamsha. Inajua kunyoa shingo iliyokunjamana bila kutoa tone la damu. Naomba uikumbuke mikono hiyo unapoendelea kusoma.

Rafiki yangu nitamwita Mutiso. Ni Mkamba, mrefu, mwenye sauti inayofika jikoni kabla yake. Miaka minne iliyopita, mke wangu aliponitoa nyumbani, Mutiso ndiye aliyenifungulia mlango. Nililala kwenye kochi lake miezi mitatu. Alinitafutia kazi pale pale anapofanya yeye, akanifundisha kuvaa glavu na kuandika ripoti za zamu. Kwenye kochi hilo nilimsimulia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu mwingine: kwamba nilirudi kwa mke wangu siku moja mvua ikinyesha, nikabisha mara tatu, nikamwona kabisa nyuma ya pazia, naye hakufungua.

Kila Jumamosi mchana, sisi tunaofanya kazi pamoja, wale tusio zamu, tulikutana Castle Vale, katika gereji ya Shemasi wa kanisa letu, ambaye naye ni mwenzetu kazini. Tulicheza poka.

Hatukuchezea pesa. Shemasi asingekubali, na kikundi cha akina mama kingetuombea hadharani. Tulichezea zamu. Meneja wetu alituachia tupangane wenyewe, mradi kila zamu iwe na mtu. Basi vifuniko vya chupa za maziwa vikawa ndiyo mali yetu. Cha kijani ni zamu ya siku ya kawaida. Cha buluu ni ya wikendi. Ukishinda kifuniko changu cha buluu, mimi nakwenda kuosha wazee Jumapili yako, nawe unakwenda ibadani.

Kulikuwa pia na kifuniko kimoja chekundu, cha maziwa yale yasiyo na mafuta ambayo hakuna Mkenya atakayeyatia kwenye chai. Shemasi alikiokota kazini. Hicho kilikuwa likizo ya Desemba, ambayo kila mwaka ilimwangukia mmoja wetu tu, kwa kura. Mwaka huu kura ilimwangukia Mutiso.

Alikuwa hajakanyaga nyumbani miaka sita. Mkewe yuko Kitui, na binti yao wa pekee, Mwende, anaolewa. Mwezi Desemba mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia mahari, watafikishwa bomani, na baba anapaswa kuwa ameketi pale akiwapokea wakwe. Ndugu za Mutiso wote wamekwisha kufa. Hakuna mwingine wa kukikalia kiti kile.

Yote hayo niliyajua. Mimi ndiye niliyemwandikia barua ya kuwajibu wakwe, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu yeye alidai mkono wake umezoea fomu tu.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa hutaelewa uovu wangu. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani, za wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila zinapofunuliwa, unaweza kubeti, au kukunja na kujitoa, au, ikiwa hakuna aliyebeti, kugonga meza kwa kidole, maana yake unapita bila kuweka kitu.

Mwenye karata kali ana njia mbili. Anaweza kubeti wazi, na hapo wenye akili watakunja na kupona. Au anaweza kugonga meza kama mnyonge, akawaacha wengine wajione wana nguvu, wasogee, wasogee tena, mpaka wafike mahali ambapo hawawezi kurudi. Sisi tuliita hivyo kulaza karata. Na Shemasi alikuwa na sheria moja tu gerejini mwake: hakulazwi karata. Alisema tunashiriki meza moja ya Bwana, na mtu hamtegi ndugu yake.

Mimi na Mutiso tulibishana juu ya jambo hili mara nyingi kwenye treni. Mimi nilikuwa nimesoma na kutazama mafunzo, nikamweleza kwa hesabu kwamba kubeti mapema ni kuwafukuza wateja. Yeye alicheka. Alisema yeye akiwa na nyama huichoma uani, jirani waone moshi. Kisha siku moja akaniuliza, bila kucheka: "Lakini Prof, huyo unayemficha ni nani? Si ni mimi?"

Treni ilifika, tukashuka.

Jumamosi ile tulikuwa watatu tu: mimi, Mutiso na Shemasi. Wengine walikuwa zamu. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua nyembamba, mlango wa gereji umefungwa, hita ya umeme inanguruma miguuni. Mezani kulikuwa na karata, vifuniko, vikombe, na thamosi kubwa ya chuma iliyojaa chai.

Nilipewa nane mbili.

Karata tatu za kwanza zikafunuliwa: nane, nne, nane. Nilikuwa na nane zote nne za dunia hii! Moyo wangu ulipiga mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyerusha teke tumboni mwangu, halafu ukatulia kabisa. Utulivu huo ndio unaonitisha hadi leo. Shemasi alikunja. Mutiso alikuwa akikuna kidevu. Nilimjua: akikuna kidevu hana kitu, na akiona mtu amebeti hukunja hapo hapo. Vifuniko viwili vya kijani vingetosha kumwokoa.

Nikagonga meza.

Mutiso naye akagonga. Shemasi akafunua karata ya nne: malkia. Mutiso akaacha kukuna kidevu. Nikajua kwamba amepata kitu, na kwamba kitu hicho ndicho kitakachomuua.

Nikagonga tena.

Alisukuma vifuniko viwili vya buluu. Nikashusha pumzi kama mtu aliyekata tamaa, nikaweka viwili vyangu juu. Ile pumzi niliifanyia mazoezi, ndugu yangu. Mbele ya kioo, kule chooni Selly Oak.

Akafurahi. Mutiso akifurahi mdomo wake hauna breki. "Shemasi, umesikia Prof anavyogonga?" akasema. "Kama ile siku ya mvua, kwa mlango wa mama watoto. Gonga ya tatu basi. Labda leo atafungua."

Shemasi hakuelewa mzaha, lakini alicheka kwa sababu Mutiso alicheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka nikihisi kitu kikinikata kutoka kooni hadi kitovuni, polepole, kwa kisu butu. Siri yangu ya kochini ilikuwa imetandazwa mezani pamoja na vikombe.

Utasema jibu ni hilo, kwamba alinidhalilisha. Nami ningependa iwe hivyo. Lakini mzaha ule ulikuja baada ya mimi kugonga mara mbili. Ile ya kwanza niligonga kwa nini?

Karata ya tano ikafunuliwa: malkia mwingine. Papo hapo mke wa Shemasi akaita kutoka ndani kwamba nyama iko tayari na hana mikono ya kubeba kila kitu. Shemasi akatuacha, akapita mlango wa jikoni.

Nikagonga meza mara ya tatu. Kwa upole, kwa ncha ya kidole, kama ninavyogonga mlango wa mzee anayelala.

Mutiso alikuwa na malkia mmoja na jeki. Pamoja na za mezani alikuwa na malkia watatu na nane mbili. Mezani pale ni nane zangu nne tu zilizoweza kuishinda karata kama hiyo. Likizo yake ilikuwa ya siku tisa tu, na alitamani kuirefusha kwa zamu zangu akae na mkewe mpaka Mwaka Mpya. Nilizijua hesabu zake zote. Alisukuma vifuniko vyote alivyokuwa navyo, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kile chekundu, akakiweka juu.

"Hii," akasema, "kwa wikendi zako zote mpaka Pasaka. Kama unaogopa, kunja uende ukasome vitabu."

Ningeweza kukunja. Hakuna aliyezijua karata zangu ila mimi na Mungu. Nilimtazama usoni mtu aliyenipa kochi lake, nikasema, "Nafuata."

Nikafunua nane zangu moja baada ya nyingine. Niliziweka taratibu ili azione vizuri.

Mutiso hakupiga kelele. Alizitazama karata, akanitazama, akazitazama tena. Uso wake ulikuwa kama wa wale wazee wetu wanapoamka na kukuta hawakumbuki wako wapi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Umelaza karata. Kutoka mwanzo."

Nikasema ndiyo.

"Sawa. Wikendi zote chukua. Buluu, kijani, beba zote. Hii nyekundu nirudishie, Prof. Nakuomba."

Alikuwa ananiomba. Ninarudia kwa sababu jambo zima linaning'inia hapo. Alikuwa amekaa, viganja vyake viko mezani, na alikuwa ananiomba.

Mimi nikamwambia: "Mwambie Mwende aweke simu kwenye kiti cha baba. Wakwe watakusalimia."

Aibu gani hii ninayoiandika! Sentensi hiyo sikuiokota hewani. Nilikuwa nimeitunga tangu malkia wa kwanza alipofunuliwa, nikaipiga msasa, nikaihifadhi. Ndivyo kulaza karata kulivyo. Unapata muda mrefu wa kunoa.

Mutiso akanyoosha mkono kukichukua kifuniko chekundu. Nikamshika kifundo cha mkono. Akanyanyuka, akijaribu kujinasua, kiti kikaanguka nyuma yake. Hakunipiga. Alikuwa anavuta tu mkono wake. Mkono wangu mwingine ukaishika ile thamosi.

Nilimpiga nayo juu ya sikio. Nilisikia vioo vya ndani vikipasuka, na kifuniko chake kikafyatuka, na chai ikammwagikia shingoni na kifuani ikiwa bado inatoa mvuke. Akatoa sauti, si neno. Ngozi ya shingo yake ikabadilika rangi mbele yangu.

Nikampiga tena.

Pigo la kwanza naweza kuliita hasira, na labda hakimu ataliita hivyo. La pili nililipima. Nilitazama pale lilipotua la kwanza, nikalenga pale pale. Nilihisi mfupa ukijibu kupitia chuma mpaka kwenye kiwiko changu, na sitakudanganya, kwa muda wa pumzi moja nilihisi raha.

Alianguka juu ya meza, meza ikapinduka naye, vifuniko vikatawanyika sakafuni kwenye chai na damu. Nilidhani amekufa. Hakufa. Alinyanyuka kutoka kwenye vile vigae vya vikombe akiwa jicho moja limefumba, akanijia, na safari hii hakuwa anaomba kitu.

Ngumi ya kwanza ilining'oa meno mawili. Nililimeza moja. Ya pili ilinivunja taya, na mlio wake niliusikia kutoka ndani ya kichwa changu, kama mtu anayevunja kuni kavu chumba cha pili. Nilianguka chali. Akanikalia kifuani, akapiga, akapiga.

Na hapa ndipo penye sehemu mbaya kuliko thamosi.

Nilikuwa bado na nguvu. Miguu yangu ilikuwa huru, na karibu na mkono wangu palikuwa na kipande cha kikombe chenye ncha. Lakini nikasikia hatua za Shemasi zikirudi kutoka jikoni, na kitu ndani yangu, kile kile kitulivu, kikanielekeza. Nikaiachia mikono yangu. Nikalala kimya chini yake nikipigwa. Kila ngumi iliyonishukia ilikuwa ushahidi wangu. Nililaza karata kwa mara nyingine, huku damu ikinijaa kooni.

Shemasi alifungua mlango na sinia la nyama mkononi. Aliona mtu mkubwa amemkalia mtu mdogo anamuua. Alichokiona kilikuwa kweli, ila kilikuwa mwisho wa habari. Mwanawe wa miaka saba, aliyezaliwa hapa Birmingham na anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, akachungulia nyuma yake na kuuliza kwa Kiingereza kama Uncle amekufa. Jirani alikuwa amekwisha kuwaita polisi.

Walimfunga pingu Mutiso huku shingo yake ikichubuka. Alipokuwa anatolewa nje alisema jambo ambalo Shemasi alikuja kunieleza baadaye. Polisi walimtaka aeleze ilivyoanza, naye akawaambia: "Muulizeni Prof. Yeye hasemi uongo."

Waliniuliza. Hospitalini, taya langu likiwa limefungwa, askari mmoja kijana mwenye sauti ya taratibu aliinama kando ya kitanda changu. Aliuliza kama rafiki yangu alikasirika baada ya kushindwa. Nikaitikia kwa kichwa. Aliuliza kama ile chai ilimwagika meza ilipopinduka. Nikaitikia kwa kichwa. Aliuliza kama ni yeye aliyeanza. Nililitazama dari. Kidole changu, juu ya shuka, kilikuwa kikigonga taratibu, na askari akaandika.

Hakuna uongo uliotoka mdomoni mwangu. Nilijifariji kwa hilo siku tatu nzima, mimi msomi wa falsafa!

Mutiso aliachiliwa kwa dhamana, akiamriwa asinikaribie na arudi kituoni Ijumaa ya juma hili kusomewa shtaka. Kazini akasimamishwa. Na kibali chake cha kuishi nchi hii kimefungwa kwenye kazi hiyo hiyo, tofauti na mimi niliye na karatasi za kudumu. Shtaka likisimama, hatakwenda Kitui kama baba wa bibi harusi. Atakwenda kama mtu aliyefukuzwa, au atakuwa amefungwa.

Mimi nilipewa maua. Kanisani waliniombea kwa jina. Akina mama walikuja Selly Oak na uji na mchuzi laini kwa ajili ya taya langu, wakapanda ngazi wakiwapita wanafunzi, wakakaa kitandani mwangu kwa sababu sina kiti cha pili. Walisema Mutiso alikuwa na hasira tangu zamani, ila watu hawakutaka kusema. Nilikunywa ule uji wote. Nililamba kijiko.

Meneja akanipigia simu kunipa pole, akaniuliza kama ningependa kupewa ile likizo ya Desemba, kwa kuwa sasa ilikuwa haina mwenyewe.

Nilifikiri ningeweza kuishi hivyo. Mtu anazoea. Kisha Jumanne jioni, nikiwa napasha supu jikoni, simu yangu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka Kitui. Alikuwa Mwende. Hajui kitu. Nimeusikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuandika hapa bila kuufungua.

"Shikamoo Uncle. Baba amesema alimwagikiwa na chai kazini, na eti wewe pia uliumia mkisaidiana. Pole sana. Amesema hajui kama atakuja, ni mambo ya ruhusa. Mimi sitaki kumsumbua. Lakini akishindwa kuja, Uncle, nimemwambia mama nataka wewe ndiwe ukae kile kiti. Baba amesema hakuna mwingine angemkubali."

Nilizima jiko. Supu ilikuwa imeanza kuungua.

Mutiso alikuwa na karata ya kuniua. Alihitaji tu kumwambia binti yake ukweli, na jina langu lingekuwa matusi katika nyumba zote tunazofahamiana, kutoka hapa hadi Kitui. Aliikunja. Akiwa na shingo iliyoungua na pingu bado zimemwachia alama, aliikunja karata yake ili mtoto wake aendelee kunipenda.

Nilikwenda chooni, nikajitazama kwenye kioo kile kile nilichotumia kufanyia mazoezi ya kushusha pumzi. Nilitaka kukivunja kwa kichwa. Nilirudi nyuma hatua moja ili nipate nguvu. Mwanafunzi mmoja akabisha mlango, akauliza kwa adabu kama nitakawia. Nikamjibu hapana. Hapo ndipo nilipoamua, nikiwa nimeshika sinki kwa mikono miwili, na si mahali penye heshima zaidi ya hapo.

Wewe uliyenifuata mpaka hapa, huenda huchezi poka na hutacheza kamwe. Hata hivyo unazo karata. Unajua kitu juu ya mumeo ambacho hajui kwamba unakijua. Una neno la kumvunja dada yako, umeliweka akiba. Unamtazama mtu wa karibu akikosea, akisogea, nawe unagonga meza, unatabasamu, kwa kuwa unaitaka ile siku utakapofunua zote kwa mpigo. Unaiita subira. Mimi niliiita akili.

Kwa mgeni, mezani, fanya utakavyo. Mchezo ni mchezo. Lakini ukiwa na nguvu juu ya mtu anayekupenda, ionyeshe mapema, apate nafasi ya kukunja aende nyumbani. Ukimlazia karata, wewe humshindi. Unamchinja, na mikono yako itazoea.

Leo asubuhi nimeamka saa kumi na mbili. Nimenyoa upande mmoja wa uso, ule usiouma. Nimevaa shati la kanisani. Kile kifuniko chekundu Shemasi alikiokota siku ile na kuniletea kama haki yangu. Nimekipeleka kwanza Moseley, nikakiweka juu ya meza ya meneja pamoja na barua fupi inayosema likizo hii ina mwenyewe na kwa nini mimi sitarudi kazini. Kisha nimepanda basi hadi kituo cha polisi.

Palikuwa na dirisha la kioo, na nyuma yake mwanamke mwenye sare akiandika, kichwa chini. Tangazo dogo lilisema nigonge kioo nisubiri nihudumiwe. Niliinua kidole. Nikakishusha.

Taya langu bado linafunguka nusu tu, lakini nilisema kwa sauti iliyofanya watu wawili waliokuwa kwenye benchi wageuke: "Mimi ndiye niliyempiga Mutiso. Nilimpiga kwanza, mara mbili, na yeye alikuwa ananiomba."